Deni la Mlipuko: Kibera na Kawangware Tangu Agosti 1998

Katika vitabu vya tarehe shambulio la kigaidi aghalabu huandikwa kwa siku moja, saa moja na hesabu ya waliofariki, kisha msomaji hufunua ukurasa mwingine. Ilhali kwa raia wa kawaida, na hasa yule apatae riziki yake kwa kibarua cha siku na kulala katika chumba cha mabati, siku ile ni mwanzo wa deni ambalo hakulikopa yeye wala halikukopwa kwa manufaa yake, lakini ambalo yeye na wanawe hulilipa kwa mafungu madogo madogo kwa miaka mingi. Fungu moja ni mshahara uliokoma, la pili ni jicho lililopofuka, la tatu ni kitambulisho kilichocheleweshwa, na la nne, lililo zito kuliko yote, ni jirani aliyegeuzwa mtuhumiwa. Nia ya maandishi haya ni kulifuata deni hilo tangu chanzo chake katika vitongoji viwili vya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambavyo havikupigwa bomu hata siku moja katika mashambulio makubwa yatakayotajwa hapa, na hata hivyo havikusalimika na lolote kati yake.

Vitongoji na hati zake, 1904 hadi 1997

Kibera ilianza kuwa makazi ya askari. Tangu mwaka 1904 Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, ambao asili yao ni Sudan, walikaa katika msitu ulio kusini magharibi mwa Nairobi, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo, ekari 4,197, kuwa hifadhi ya kijeshi. Lakini haikuwapa wenyeji wake hatimiliki, na kasoro hiyo ya mwanzo ikawa mzizi wa dhiki nyingi za baadaye, kwa maana mtu asiye na hati ya ardhi huwa mwepesi kuulizwa kama anayo hata hati ya uraia. Kawangware, iliyo upande wa magharibi, ng'ambo ya Lavington, ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, ikajaa vyumba vya kupanga kwa kadiri mji ulivyotanuka na kwa kadiri wageni wa kutoka Magharibi ya Kenya na kwingineko walivyotafuta mahali pa kulala karibu na kazi.

Desturi ya kumsimamisha maskini na kumdai hati yake ni kongwe kuliko bomu lolote la zama zetu. Kwa miaka mingi ya ukoloni mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kipande, yaani hati ya kumtambulisha. Na mwezi Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi, wakakamatwa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakachujwa, na wengi wakapelekwa vizuizini. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kipande kilikwisha kuondoka, lakini mazoea ya kuchuja watu kwa kabila na kwa dini yalibaki yakingoja sababu mpya.

Ni lazima pia kuieleza njia ya kazi, kwa kuwa kila tutakalolisimulia lilipita katika njia hiyo. Kila alfajiri mahamali, mafundi, mayaya, mabawabu na wachuuzi hutoka Kibera wakiifuata reli au Barabara ya Ngong kwenda mjini na Industrial Area, na wenzao hutoka Gatina na stendi ya 46 ya Kawangware kwenda Lavington, Kileleshwa na Westlands, wengi wakienda kwa miguu ili nauli ibaki kuwa unga wa jioni. Maskini wa Nairobi hulala katika mtaa wake lakini huishi mchana kutwa katika mitaa ya wengine, na silaha iliyolengwa kwa wenye nguvu humkuta yeye mlangoni, jikoni, kwenye ngazi au ndani ya basi.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998

Asubuhi ya Ijumaa hiyo, saa nne na nusu ikiwa imepita kitambo kidogo, lori lililosheheni baruti liliingia nyuma ya ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Bawabu Mkenya asiye na bunduki aliamriwa kuinua kizuizi, akakataa, akajaribu kuwaita walinzi wa ndani kwa redio na kwa simu asiwapate. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti la kishindo na kukimbia. Na kishindo hicho cha kwanza ndicho kilichowaleta maelfu ya wafanyakazi wa maofisi kwenye madirisha kutazama, hata bomu lenyewe lilipolipuka punde, vioo vya mji mzima vikawaingia machoni. Hiyo ndiyo sababu msiba ule uliacha vipofu wengi. Jumba la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makatibu, likaporomoka lote. Jengo la Co-operative House likaharibiwa vibaya. Na abiria waliokuwa katika basi barabarani wakateketea wakiwa wamekaa vitini.

Waliouawa Nairobi walikuwa 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12; wengine 11 waliuawa dakika hizo hizo kwa bomu la pili huko Dar es Salaam; na majeruhi wa Nairobi walizidi 4,000. Hesabu hizo zatosha kumwonyesha msomaji kwamba shambulio lililotangazwa kuwa dhidi ya Marekani liliwaangukia Waafrika waliokwenda kutafuta riziki, Waislamu kwa Wakristo, bila kuulizana dini.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyopokea sehemu kubwa ya majeruhi, ni jirani ya Kibera, na chumba cha maiti cha mji nacho ni mwendo wa miguu kutoka huko. Zama hizo simu za mkononi zilikuwa za matajiri wachache. Mtu aliyeagana na nduguye alfajiri hakuwa na njia ya kujua hali yake ila kwenda kusoma majina yaliyobandikwa ukutani na kupita kitanda kwa kitanda, na akimkosa huko, kwenda mahali pale ambapo kila mtu huomba asimwone wake. Watu wa mji walijipanga kutoa damu, na wengine wakafukua kifusi kwa mikono mitupu kabla ya waokoaji kuwasili kutoka Israeli na kwingineko. Mwanamke mmoja aliyefukiwa alizungumza na waokoaji, na nchi nzima ikamwombea. Alifariki kabla hawajamfikia, na majonzi yake yakawa ya kila nyumba.

Miaka ya majeraha, 1998 hadi 2002

Taifa lilizika wafu wake na kurudi kazini; lakini katika nyumba za kupanga ndipo fungu la kwanza la deni lilipoanza kudaiwa. Kwa desturi ya watu wetu maiti hurudishwa nyumbani kwa wazee, na safari ya jeneza hadi Siaya, Kakamega au Murang'a ilihitaji gari, mbao, chakula cha matanga na siku nyingi za kukosa kibarua. Michango ya majirani, wanachama wa vyama vya kuzikana na waumini ndiyo iliyobeba mzigo huo. Kisha mwenye nyumba akaja mwisho wa mwezi kama kawaida yake. Mshahara wa mtu mmoja wa Nairobi aghalabu hulisha nyumba mbili, moja ya mjini na moja ya mashambani, hulipa karo ya mdogo wake na dawa za mamaye. Unapokatika, watoto huacha shule katika wilaya ambayo haikusikia kishindo chochote.

Serikali ya Marekani ilitoa mamilioni ya dola kwa matibabu, kwa karo za mayatima, kwa mafunzo ya waliopofuka na kwa ukarabati wa Co-operative House; halikadhalika baadhi ya fedha hizo zilisaidia kuanzisha mpango wa taifa wa damu salama, ambao tangu siku hizo umewafaa akina mama wengi wazaao kwa shida. Madaktari wa Kenya walianzisha huduma ya kuwatibu watu nafsi zao, jambo lililokuwa jipya kwa wengi, kwa sababu hadi hapo hofu isiyoisha, usingizi wa kushtuka na machozi yasiyo na wakati vilihesabiwa kuwa udhaifu wa moyo au kazi ya pepo. Hayo yalikuwa mema, na ni insafu kuyakiri. Lakini msaada ulikuwa na mwisho na jeraha halikuwa nao: mpango hufungwa, mfadhili huondoka, na kipofu huamka kesho yake akiwa kipofu vile vile. Tarehe 7 Agosti 2001 bustani ya kumbukumbu ilifunguliwa mahali pa ubalozi, majina ya marehemu yakaandikwa ukutani. Na mwaka huo huo watu wanne walihukumiwa kifungo cha maisha mjini New York. Jinai ilipata hukumu yake. Fidia kwa mpita njia haikupata mahakama.

Malango na tuhuma, 2002 hadi 2011

Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ilishambuliwa, wakauawa Wakenya na Waisraeli, na wengi wa Wakenya hao walikuwa wachezaji ngoma na watumishi waliokuja kuwalaki wageni. Mwaka uliofuata nchi za Magharibi zikawaonya raia wao wasije Kenya, na kwa muda wa majuma kadhaa shirika la British Airways likasimamisha safari zake. Mtalii asipofika, hoteli hupunguza watumishi. Mtumishi akipunguzwa, fedha za kila mwezi hazifiki kwao. Na kwa mnyororo huo habari ya Kikambala ilifika hata kwa muuza mboga wa Laini Saba, Kibera, ambaye hajaona bahari.

Katika miaka hiyo mji ulijifunga malango. Ubalozi mpya wa Marekani ulijengwa Gigiri, mbali na barabara, ndani ya ukuta. Na kila jumba lenye hadhi likaweka kizuizi, kioo cha kutazamia chini ya gari na kitabu cha wageni. Kazi ya ubawabu ikawa tegemeo la vijana wengi wa Kibera na Kawangware, na humu mna jambo la kuzingatiwa sana: hofu ya tajiri ilimpa maskini ajira, lakini ajira yenyewe ni ya kusimama mahali pale ambapo bomu hufika kwanza, bila silaha, saa kumi na mbili mfululizo, kwa ijara ambayo kodi na chakula huimaliza. Sheria ya kuisimamia kazi hiyo haikupitishwa ila mwaka 2016. Na mwaka 2024 mamlaka yake ilipotangaza mshahara usiopungua shilingi 30,000 kwa bawabu wa Nairobi, agizo lilipingwa mahakamani. Bawabu aliyekataa kufungua lango mwaka 1998 aliupa ulimwengu sababu ya kumheshimu kila mwenzake. Heshima hiyo haijaingia bado katika bahasha ya mshahara.

Fungu la tuhuma lilikuwa zito kwa Wanubi wa Makina, kijiji cha Kibera, na jirani zao Waislamu. Kijana Mnubi aliyetimiza umri wa kitambulisho hakupewa kwa njia ile ile ya kijana Mkristo wa mlango wa pili: alitakiwa kufika mbele ya kamati ya wahakiki akiwa na vyeti vya wazazi na babu zake, na kuapa kwamba nchi aliyozaliwa ni yake. Uhakiki huo ulianza kabla ya bomu, lakini vita dhidi ya ugaidi viliupa hoja mpya, maadam kila ucheleweshaji uliweza sasa kuitwa usalama wa taifa. Na asiye na kitambulisho mjini Nairobi haajiriwi, hafungui akaunti, haingii katika jengo la ofisi, wala hapiti salama mbele ya askari wa doria. Mwaka 2003 mswada wa kupambana na ugaidi ulikataliwa na Waislamu na watetezi wa haki kwa hofu ya kudhulumiwa, ukaanguka. Na mwezi Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi. Uamuzi ulikuwa wa adili, utekelezaji ukawa wa kobe.

Vita vinarudi mjini, 2011 hadi 2015

Mwezi Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na kundi la Al-Shabaab, na kabla ya mwezi huo kwisha maguruneti yalirushwa katikati ya Nairobi, moja katika baa na jingine katika kituo cha mabasi. Tangu hapo hofu haikulenga tena balozi na hoteli peke yake. Ilishuka hadi mahali pa watu wa chini. Kanisani mzee wa kanisa alisimama mlangoni na kifaa cha kupekua vyuma. Utingo wa basi akawapekua abiria mifuko kabla ya kupanda. Na watu wakajifunza kumtazama mwenye mkoba mzito kwa jicho la shaka.

Tarehe 18 Novemba 2012 matatu ililipuliwa karibu na Eastleigh, wakafa abiria, na siku ya pili umati ukawavamia Wasomali na maduka yao kwa mawe. Hiyo ndiyo shabaha ya pili ya kila mlipuko, iliyo mbaya kuliko ya kwanza: kwamba waliosalia wamalize wenyewe kazi ya mlipuaji. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia Westgate, jumba la maduka la Westlands, na kwa siku nne mji ulisikia risasi. Waliouawa walikuwa 67. Wakenya walipanga foleni za kutoa damu na kuchanga mamilioni ya shilingi kwa simu, kwa njia ya M-Pesa, shilingi hamsini za mama muuza sukumawiki zikichangamana na laki za matajiri. Lakini jumba lilipofungwa, halikufunguliwa tena hadi Julai 2015, na wauzaji, wapishi, wafagiaji na madereva waliolitegemea walilazimika kuanza upya.

Baada ya Westgate serikali ilihimiza mpango wa Nyumba Kumi, uliochukuliwa kwa jirani zetu wa Tanzania, ili kila nyumba kumi zijuane na mgeni atambuliwe. Katika Kibera na Kawangware, ambapo ploti moja yaweza kuwa na vyumba kumi vilivyopakana ukuta kwa ukuta, watu walikuwa wakijuana siku zote, hata kwa kikohozi; kilichobadilika ni kwamba kujuana kulikokuwa kwa ajili ya kusaidiana sasa kuliombwa pia kuwe kwa ajili ya kushitakiana, na wazee wa vijiji wakawa na kazi ngumu ya kulinda amani pasipo kuuza imani ya majirani zao.

Mwezi Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch iliwakamata maelfu, wengi wao Wasomali, wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani ili kuchujwa. Na msomaji aliyeifuata hadithi hii tangu mwaka 1954 hahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 16 Mei mwaka huo milipuko miwili ilitokea Gikomba, ikaua watu wasiopungua 10. Gikomba ni soko kuu la mitumba, ambalo wachuuzi wa Toi, soko lililopakana na Kibera, na wale wa Kawangware hulijia alfajiri kuchagua nguo za kuuza. Asiyekwenda Gikomba leo hana cha kuanika kesho. Kwa hiyo walirudi, si kwa kuwa hawakuogopa, bali kwa kuwa njaa ya watoto haikungoja uchunguzi wa polisi kumalizika. Mwaka 2015, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwa wanafunzi hao walikuwamo watoto wa nyumba zilizouza ng'ombe na kuchangisha ukoo mzima ili mmoja asome.

Lakini mwaka huo huo, mwezi Desemba, washambuliaji waliposimamisha basi karibu na Mandera na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu hao walikataa. Na mwalimu Salah Farah, mmoja wao, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki mwezi uliofuata. Tendo lake ni jibu kamili kwa umati wa Eastleigh.

Riverside na miaka iliyofuata

Tarehe 15 Januari 2019 jumba la Dusit, katika barabara ya Riverside, lilishambuliwa, wakafariki watu 21. Ilipobainika kwamba baadhi ya wahusika walikuwa Wakenya wa kuzaliwa, na kwamba mmoja alipanga nyumba Kiambu kama mpangaji yeyote mwenye heshima, hoja ya kuutambua ugaidi kwa kabila ilikosa msingi wake wote. Hata hivyo vijana wa Kinubi waliendelea kuhakikiwa; na serikali ilipoleta mwaka huo mpango wa Huduma Namba, wa kuwasajili watu upya kwa namba moja, Nubian Rights Forum, jumuiya iliyozaliwa Kibera, ilikwenda Mahakama Kuu kuhoji nafasi ya wale wasio na hati, na mwezi Januari 2020 mahakama ikaamuru mpango usiendelee mpaka sheria ya kuwalinda raia ikamilike. Mwezi Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada kwa jamii za mipakani na wengineo. Ni hatua njema, na thamani yake itapimwa kwa kijana wa Makina atakayekwenda ofisini na kutoka na kitambulisho kwa siku zile zile anazotumia mwenziwe.

Kuhusu fidia, mwaka 2020 Sudan, iliyotuhumiwa kuwahifadhi wahusika, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa sababu ya mabomu ya 1998 na mashambulio mengine. Lakini fedha hizo ziliwaendea Wamarekani na watumishi wa balozi, si mchuuzi wa Haile Selassie wala abiria wa basi. Seneti ya Kenya iliunda kamati ya kulichunguza suala hilo miaka 25 baada ya tukio, wakati ambapo baadhi ya majeruhi walikwisha kufa wakidai.

Hesabu ya mwisho

Tukikusanya yote tuliyoyasimulia, twaona kwamba deni la mlipuko lina wadai wengi na mlipaji mmoja. Aliyelipa kwa jicho, kwa kazi, kwa hati na kwa heshima yake ni yule yule anayetoka alfajiri kwa miguu. Na aliyepunguza mzigo huo mara nyingi zaidi hakuwa serikali wala mfadhili, bali ni jirani mwenye chumba kama chake, aliyechanga katika matanga, aliyetoa damu, aliyemlea mtoto wa marehemu, na aliyekataa kumnyooshea kidole mwenziwe kwa sababu ya kanzu au jina.

Wema huo wa maskini kwa maskini usigeuzwe kuwa kisingizio cha dola kukwepa wajibu wake. Kuna mambo matatu ambayo insafu inayadai waziwazi: majeruhi wa 1998 walio hai walipwe wangali hai, bawabu alipwe ijara inayolingana na hatari anayoibeba, na hati ya uraia itolewe kwa mizani moja kwa kila aliyezaliwa katika nchi hii, awe wa Makina au wa Gatina. Hayo matatu hayahitaji silaha wala majasusi. Yahitaji bajeti, sheria na nia. Maadam hayajatendwa, bomu la 1998 litaendelea kuwatoza ada watu ambao hawakulitega, na kila mwaka unaopita bila malipo ni fungu jingine analotozwa mnyonge kwa kosa la watu wengine.